Ndoo ya uji mchachu: uchambuzi wa kisa cha watoto wa nguruwe waliohara baada ya kuachishwa kunyonya

Kisa hiki kinatoka kijiji kimoja cha nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,800, mahali ambapo Juni na Julai mtu anaamka akiona pumzi yake mwenyewe. Nimeondoa jina la kijiji, la familia na la mtu yeyote. Kinahusu watoto wa nguruwe wa uzazi tatu: wa kwanza tuliwapata wameshaanza kufa, wa pili wakanusurika, wa tatu tukawaharibia wenyewe. Wapo na wa nne, nitawafikia.

Kaya na banda

Mwenye mifugo ni mama wa makamo. Ana majike mawili, chotara wa Large White na nguruwe wa kienyeji. Banda lake ni la mbao, sakafu imeinuliwa, paa la bati. Anasaidiwa na kijana wake aliyemaliza kidato cha nne, na kwenye nyumba hiyo hiyo anaishi mama mkwe wake, ambaye kila mtu pale, mimi nikiwemo, anamwita bibi.

Chakula kilikuwa pumba za mahindi kutoka mashine ya kijijini, mashudu ya alizeti, na dagaa pale pesa inapopatikana. Watoto waliachishwa kunyonya wakiwa na wiki 6 na kuuzwa wakiwa na wiki 10, kwa 70,000 kila mmoja bei ya mwaka ule. Septemba, jike la kwanza lilipoachisha watoto 9, walikufa 3. Januari jike la pili likaachisha 10, wakafa 4. Hesabu yake ni 490,000 iliyofukiwa nyuma ya banda ndani ya miezi mitano, bila kuweka dawa. Mara zote mbili dukani aliambiwa achome oksitetrasaiklini, dawa ya kupambana na bakteria, akachoma.

Tulichokikuta Januari

Mimi, bwana mifugo, niliitwa siku ya sita tangu kuachishwa, wanne wakiwa wameshakwenda. Waliobaki walijikunyata kona moja, mkia umelowa, macho yameingia ndani, ngozi ya shingo ukiivuta inachelewa kurudi. Kinyesi kilikuwa maji ya rangi ya kijivu-njano. Joto la mwili halikuwa juu, na majike yote mawili yalikuwa yanakula vizuri. Hilo lilinipa nafuu, kwa sababu hofu ya kwanza ya yeyote anayefuga nguruwe huku ni homa ya nguruwe ya Afrika, nayo haichagui watoto ikawaacha wakubwa wakila.

Kitu kilichonishtua zaidi ni hori. Nilichota pumba kwa kiganja: kavu kabisa, nyepesi, juu imetanda vumbi. Haikuwa imeguswa. Maji yalikuwa kwenye dumu lililokatwa, na ndani mwake mlikuwa na kinyesi. Watoto hawa walikuwa wametoka kwenye ziwa la mama yao, ambako chakula ni cha moto, cha majimaji, na huja kila baada ya saa moja hivi kwa sauti ya mama kuwaita. Ghafla wamewekewa vumbi. Siku mbili hawali. Ya tatu njaa inawashinda, wanabugia. Ya nne wanahara.

Tulimpasua mmoja wa waliokufa. Utumbo mwembamba ulikuwa umejaa maji na kuta zake zimelegea. Tumboni mlikuwa na donge la pumba. Kinyesi kilipelekwa maabara ya kanda, ikaota E. coli, bakteria wa utumboni, kwa wingi, na oksitetrasaiklini haikuizuia. Niseme mapema kwamba E. coli inapatikana hata kwenye kinyesi cha nguruwe mzima, na hatukupimiwa kama ni ile aina yenye vishikizo vya kuning'inia ukutani mwa utumbo. Dalili, umri na siku ndivyo vilivyonifanya niamini ni kuhara kwa baada ya kuachishwa. Kuhusu dawa jibu halikuwa na utata: mama alikuwa ananunua maji.

Uamuzi, na kwa nini

Kubadilisha dawa ndiyo njia iliyokuwa karibu, na kwa waliokuwa wagonjwa tulibadilisha. Lakini kutegemea sindano kila uzazi ni kulima jangwa. Bakteria wale wale wangeizoea na hiyo mpya. Kuchelewesha kuachisha hadi wiki 8 nililipendekeza. Mama alikataa, na nilipoyaangalia majike yake yalivyokonda sikumlaumu. Tukabaki na chakula.

Hapa inabidi nieleze tumbo la mtoto wa nguruwe, maana bila hilo ndoo haina maana. Mtoto anayenyonya hatengenezi tindikali nyingi tumboni. Kinachomlinda ni sukari ya maziwa: bakteria wazuri wanaigeuza kuwa asidi ya laktiki, na tumbo linabaki chachu. Ukimwachisha, sukari ile inakatika siku hiyo hiyo, na uchachu unashuka kabla tumbo lake halijajifunza kutengeneza tindikali ya kutosha. Mlango uko wazi. Wakati huo huo, kwa sababu hali chakula, vile vidole vidogo vya ukuta wa utumbo vinavyofyonza chakula vinasinyaa ndani ya siku chache tu. Akija kubugia siku ya tatu, chakula kisichofyonzwa kinateremka chini na kuwa karamu ya E. coli.

Kwa hiyo tulihitaji mambo mawili kwa pamoja: ale tangu siku ya kwanza, na anachokula kiingie tumboni kikiwa tayari kichachu. Uji mchachu unatimiza yote mawili. Wazo lenyewe silidai. Nilikuwa nimekaa jikoni naandika maelekezo, bibi akaniwekea kikombe cha togwa, na nikajiona mjinga. Nyumba hii ilikuwa inachachusha nafaka kila wiki miaka yote, na watafiti wa hapa nchini walishaonyesha miaka ya 1990 kwamba watoto wadogo wa binadamu wanaopewa uji uliochachuliwa namna hii wanapungukiwa na vimelea vya kuhara kwenye kinyesi chao. Togwa ya bibi ilianzishwa kwa kimea cha ulezi. Tukaifanya chachu yetu.

Uamuzi uliofuata ulikuwa mdogo kwa sura, ila ndio ulioamua kisa kizima baadaye: tuchachushe nafaka peke yake. Dagaa, soya, mashudu, chokaa na virutubishi vya dukani vichanganywe horini wakati wa kulisha. Chokaa hula tindikali, ndoo inashindwa kuchachuka. Vyakula vya protini nazo huzuia uchachu usipande haraka, na katika saa za mwanzo, kabla bakteria wa laktiki hawajashika hatamu, vijidudu vingine huivunja laisini, kile kijenzi cha protini ambacho mtoto wa nguruwe anakihitaji kuliko vyote, na kuigeuza kadaverini. Jina lake linatokana na mzoga, na ukinusa hutauliza kwa nini.

Utaratibu ukawa huu. Ndoo mbili za plastiki za lita 20 zenye mifuniko, zinapokezana. Kila ndoo kilo 2.5 za mahindi yaliyosagwa pamoja na pumba yake, lita 6 za maji yaliyochemshwa na kuachwa yawe vuguvugu, na mara ya kwanza kikombe kikubwa cha togwa iliyokwisha kuchachuka. Funika, usibane. Saa 48. Ukichota, acha kama robo chini iwe chachu ya zamu inayofuata. Mahindi yenye ukungu yalichambuliwa na kutupwa kabla ya kwenda mashineni, kwa sababu sumu ya ukungu haiondoki yote kwa kuchachusha, na wengi wanadhani inaondoka. Soya ilikaangwa kwanza.

Pamoja na hayo tulifanya mengine matatu: watoto waanze kuonjeshwa uji wakiwa na wiki 3 wakiwa bado wananyonya, maji yawekwe kwenye chombo kilichoinuliwa kisichoingia kinyesi, na maranda ya kutosha yatandikwe kona ya kulala. Maranda huku ni ya bure, mashine za mbao ziko kila mahali.

Februari: uzazi wa kwanza wa uji

Jike la kwanza lilikuwa na watoto wa wiki mbili nilipokuja Januari, hivyo tulikuwa na mwezi mmoja wa kujiandaa. Waliachishwa 11 katikati ya Februari, wastani kilo 8.1. Tuliwapima kwa mzani wa kuning'iniza, kila mmoja ndani ya kiroba, kazi ya asubuhi nzima yenye makelele yanayosikika mpaka barabarani.

Siku ya kwanza bila mama yao, watoto waliijia hori kama wanaijua. Waliijua kweli, walishaionja wiki tatu. Siku ya nne na ya tano wawili walikuwa na kinyesi laini, wakarudi sawa bila sindano. Hakufa hata mmoja. Baada ya siku 28 wastani ulikuwa kilo 14.3, yaani takriban gramu 220 kwa siku. Hatuna kipimo kizuri cha kabla ya hapo. Mama anakumbuka waliopimwa sokoni wakiwa na umri huo walikuwa kama kilo 11, na kumbukumbu ya mfugaji kuhusu kilo za sokoni huwa haikosei sana kwa kuwa ndiyo iliyomlipa.

Karatasi za kupimia tindikali nilizoacha zilionyesha pH (namba ya uchachu: ikishuka, uchachu umepanda) kati ya 3.9 na 4.2 kila mara. Nikaandika maelekezo kwenye karatasi, nikaibandika kwenye ukuta wa stoo. Nilijisikia mtu wa maana.

Juni

Jike la pili liliachisha watoto 10 siku za mwisho za Juni. Mama alikuwa na shughuli za mavuno ya viazi, kijana ndiye aliyeshika ndoo. Nilifika siku ya nne kwa simu ya mama iliyoanza na "Bwana mifugo, yamerudi."

Watano walikuwa wanahara, mmoja ameshakufa. Wa pili alikufa usiku ule. Niliomba nioneshwe ndoo. Zilikuwa stoo, kwenye sakafu ya saruji. Mfuniko ulikuwa umefura, nilipoufungua ukatoa pumzi na povu likapanda. Kipimajoto nilichotumbukiza kilisoma nyuzi 11. Karatasi ya tindikali, pH 5.2.

Bibi alikuwa amenifuata. Alichovya kidole, akakigusisha ulimini, akatema pembeni.

"Hii si togwa," alisema. "Hii inakwenda kuwa komoni, nayo haijafika. Nilimwambia mjukuu wangu juzi. Akaniambia karatasi ya bwana mifugo imesema siku mbili, bibi, siku mbili zimetimia."

Kijana alisimama mlangoni ameinamisha kichwa. Nilimuuliza kuhusu harufu nyingine iliyokuwa ndani ya ile pombe, harufu nzito ya kitu kilichooza. Akasema alikuwa anaweka dagaa na mashudu humo humo tangu mwanzo ili asihangaike kuchanganya mara tatu kwa siku. Na chokaa? Na chokaa.

Tulimwaga ndoo zote mbili shimoni. Watoto walipewa maji yenye sukari na chumvi kidogo kidogo, chakula kikapunguzwa kwa siku mbili, walio wagonjwa wakachomwa dawa ambayo maabara ilionyesha bado inafanya kazi, maranda yakaongezwa mpaka watoto wakapotelea ndani yake. Waliishi 8. Baada ya siku 28 walikuwa wameongezeka wastani wa gramu 150 tu kwa siku.

Julai

Jike la kwanza lilikuwa limezaa tena katikati ya Juni. Watoto wake 9 wangeachishwa mwishoni mwa Julai, baridi ikiwa bado ile ile. Mama alitaka kuacha uji kabisa, na kwa haki. Nilimwomba uzazi mmoja zaidi.

Ndoo zilihamishiwa jikoni karibu na meko ya kuni, kila moja ndani ya boksi lililojazwa maranda kuizunguka. Nafaka peke yake. Chachu ya ndani ya ndoo inabadilishwa kila wiki mbili kwa togwa mpya ya bibi. Hakuna kulisha mpaka karatasi isome chini ya 4.5, hata kama ni siku ya tatu. Ikichelewa, watoto wanapewa uji mtamu wa moto uliopikwa siku hiyo hiyo. Ndoo ya kwanza ilichukua saa 70. Baada ya hapo, chachu ilipokwisha kupata nguvu, zikawa zinaiva ndani ya saa 36 hadi 48.

Waliachishwa 9, wakabaki 9. Mmoja alihara siku ya tano. Ongezeko lilikuwa gramu 190 kwa siku, chini ya Februari, na sehemu ya tofauti hiyo ni chakula kinachochomwa mwilini kupambana na baridi.

Uchambuzi

Kosa la Juni ni langu kabla ya kuwa la kijana. Niliandika saa 48 ukutani. Nilichotaka kusema ni uchachu, nikaandika muda, kwa kuwa mwezi Februari vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja. Bakteria wa asidi ya laktiki wanapenda joto la nyuzi 25 kupanda. Kwenye nyuzi 11 wanajikokota, na hamira inayostahimili baridi inachukua nafasi. Hamira inakula sukari ya nafaka na kutoa kileo na hewa. Chakula kinapoteza nguvu, ladha inabadilika, na uchachu haupandi. Kwenye pH 5.2 E. coli haizuiliki, ndoo yenye uvuguvugu wa mchana na nafaka iliyolowa inaweza kuwa mahali pa kumkuzia. Inawezekana kabisa kwamba mwezi Juni tulikuwa tunawalisha watoto ugonjwa kwa kikombe.

Kijana naye alifuata akili ya kawaida. Kuchanganya vyote mara moja kunaokoa saa nzima kwa siku, na hakuna aliyemweleza kwa nini isifanyike. Mimi nilimweleza mama, mama akamweleza yeye kwa maneno machache akiwa anakimbilia shamba. Karatasi ya ukutani ilikuwa na vipimo bila sababu, na maelekezo yasiyo na sababu ndiyo ya kwanza kufupishwa kazi ikizidi. Baridi na chokaa vilifika pamoja, siwezi kutenganisha kipi kiliharibu zaidi. Ningelazimishwa kuchagua ningesema chokaa na dagaa, kwa sababu ndoo ya Julai iliweza kuiva ndani ya baridi hiyo hiyo ilipopewa joto la meko na nafaka tupu. Lakini joto nalo lilibadilika, kwa hiyo hoja yangu ina tundu.

Tundu kubwa zaidi liko kwenye mafanikio ya Februari. Tulibadilisha mambo manne siku moja: uji mchachu, kuonjesha mapema, maji safi, maranda. Nikisema uji ndio uliowaokoa, nadanganya kidogo. Ninaamini kuonjesha tangu wiki ya tatu kulifanya nusu ya kazi, kwa kuwa mtoto anayekula siku ya kwanza anaulinda utumbo wake mwenyewe. Uji wa majimaji, wenye harufu ya uchachu mzuri, uliwezesha kula huko. Tindikali ilifanya yake tumboni. Mfugaji anayeuliza afanye lipi kama anaweza moja tu, ningemwambia asafishe maji na aanze kuonjesha mapema, hata kwa uji usiochachuliwa, kabla hajanunua ndoo.

Kuna ambayo uji huu haukufanya. Haukuongeza protini, mahindi machachu ni mahindi, na bila soya na dagaa horini watoto wangekuwa wazima na wembamba. Haukutibu mgonjwa. Na haukuwa bure: maji ya kuchemsha yanataka kuni, kuni zinabebwa na mama, na zamu ya usiku ya kuangalia ndoo ilimwangukia bibi mwenye umri unaostahili kulala.

Nilichokosa kabisa kukiona mwanzoni ni kwamba nilikuwa na kipimo kizuri kuliko karatasi zangu. Bibi alijua siku mbili kabla yangu kwamba ndoo imelala, na hakuwa na nafasi yoyote kwenye mpango niliouandika. Karatasi za tindikali kwenye kijitabu changu zilikuwa 50. Ulimi wake haujaisha.

Hali ilivyo sasa

Karatasi mpya ya ukutani imeandikwa na kijana mwenyewe, kwa mwandiko mkubwa. Mstari wa kwanza: "Kama si chachu ya kukunja uso, usilishe." Wa pili: "Dagaa na chokaa ni vya horini." Saa hazimo.

Agosti bibi alisafiri msibani siku kumi, na aliporudi alikuta chachu imekufa, ndoo inanuka kama soksi. Mama alikuwa ameshaanza upya kwa kimea cha jirani. Ndoo ya kwanza ilisoma 4.8 baada ya siku tatu, akaimwaga. Ya pili ikasoma 4.1, akalisha.